Kushuka barabara ya mlimani yenye kona: gia kwanza, breki baadaye

Dereva asiyezoea milima huogopa kona na bonde la pembeni. Vyote viwili vinatisha kweli, lakini gari linaloshindwa kona ya chini mara nyingi limeanza kuharibikiwa kilomita nne tano juu yake, kwenye kipande kilichonyooka, dereva akiwa ametulia na mguu umelala juu ya breki. Ndiyo maana mwongozo huu umekaa zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye kona. Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hatua ya 3.

Hesabu ndogo kwanza, maana bila hiyo mengine yote yataonekana ni uoga. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 800 za kimo, lazima kitu fulani kimeze karibu megajuli 11.8 za nishati. Gari hilohilo ukilisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa, breki humeza megajuli 0.37. Yaani kushuka mlima huo kwa breki peke yake ni sawa na kusimama kabisa kutoka mwendo wa 80 mara 32 mfululizo. Kama diski nne zenye jumla ya kilo 30 zingepokea joto hilo lote pasipo upepo wa kuzipoza, zingepanda kwa zaidi ya nyuzi 800. Upepo upo na unasaidia, lakini kwa mwendo mdogo wa kona kali unasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Na hapo hujapakia watu watano na mizigo.

Hatua ya 1: Kagua gari kabla ya kuondoka

Tairi, maji ya rejeta, wipa, taa: hayo unayajua. Nitasema mawili tu. Upepo wa tairi ujazwe kwa kipimo cha gari lenye mzigo, kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, si kwa kupiga teke. Na kashata za tairi zikiwa chini ya milimita 3, usiende mlimani msimu wa mvua, hata kama sheria za nchi nyingi zinaruhusu mpaka 1.6.

Kinachosahaulika ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Daraja la mafuta huandikwa kwenye chupa kwa jina la DOT na namba. Kiwango cha chini kwa DOT 3 mapya ni kuchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Kwa milima, tia DOT 4 na uyabadilishe yote kila baada ya miaka 2, hata kama kijitungi kimejaa. Kuongezea tu juu hakusaidii, kwa sababu yaliyokaa kule chini kwenye magurudumu, ambako ndiko kwenye moto, ni yaleyale ya zamani. Usichanganye na DOT 5 (isiyo na .1), maana hiyo ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine.

Pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta. Na tafadhali, pedi za bei ya kutupa zisizo na jina wala alama yoyote zibaki dukani.

Hatua ya 2: Kupanda

Kupanda hakuna mengi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usishangae gari likizubaa. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kugugumia. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na ufungulie hita mpaka mwisho. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada. Ukisimama, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 3: Chagua gia kabla mteremko haujaanza

Hapa ndipo penyewe.

Kabla ya kuvuka kilele, au mara uonapo kibao cha pembetatu chenye asilimia, punguza mwendo na uweke gia utakayoshukia. Asilimia 10 maana yake kila mita 100 za barabara unashuka karibu mita 10. Kuanzia asilimia 6 na kuendelea, kwa urefu wa kilomita kadhaa, gia ni ya lazima.

Gia ipi? Kanuni ya wazee ni kushuka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Ilifaa kwa magari ya zamani yenye injini dhaifu. Magari ya sasa hupanda mlima kwa gia kubwa bila taabu, kwa hiyo toa moja zaidi: kama ungepanda na ya nne, shuka na ya tatu. Kisha pima. Kwenye kipande kilichonyooka, toa mguu kwenye mafuta na kwenye breki kwa pamoja, uhesabu hadi nane. Mwendo ukitulia au ukipanda polepole sana, gia ni sahihi. Ukiona mshale unakimbia, gia ni kubwa mno. Kanyaga breki sawasawa, punguza mwendo, ndipo ushushe gia.

Mlio utakutisha. Injini ya petroli itapiga kelele kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika, na abiria atauliza kama gari limeharibika. Halijaharibika. Mradi mshale haufiki kwenye mstari mwekundu, injini imetengenezwa kwa kazi hiyo. Na wale wanaoweka gia huru, wengi wanaiita frii, eti kubana mafuta, wamepitwa na wakati. Injini yenye mfumo wa sindano za umeme hukata mafuta kabisa gari linaposukuma injini na mguu hauko kwenye pedali. Ukiweka frii, injini inarudi kunywa mafuta ili isizimike, nawe umejinyima breki isiyounguza kitu.

Sasa aina za gari, kwa sababu kila moja ina mtego wake.

Manyuo: shusha gia moja baada ya nyingine na uachie klachi polepole. Usishuke huku mguu umekandamiza klachi; hiyo ni frii kwa jina lingine. Kuruka kutoka ya tano hadi ya pili kwa mwendo wa 70 kunaweza kufunga magurudumu yanayoendesha kwa sekunde moja, na sekunde moja kwenye lami yenye maji inatosha.

Otomatiki: usemi kwamba otomatiki inajichagulia yenyewe ni kweli kwenye tambarare. Mteremkoni, ikiwa kwenye D, magari mengi hupandisha gia kwa sababu umeachia mafuta, na ndivyo unavyobaki na breki peke yake. Tafuta alama kando ya wenzo wa gia. Kwenye magari ya zamani kuna kitufe kidogo pembeni ya wenzo. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, maana yake gia ya juu kabisa imefungiwa. Kwa mlima mkali hiyo haitoshi. Shuka hadi 2 au L. Magari mapya yana M au S pamoja na alama za jumlisha na kutoa: vuta kwenye kutoa mpaka mwendo utulie. M ni bora kuliko S, kwa sababu S kwenye magari kadhaa bado hubadilisha gia kwa hiari yake. Zile za mkanda, zisizo na gia halisi, nyingi zina L, S au B. Zitumie.

Haibridi (zenye injini na mota ya umeme pamoja) na magari ya umeme: B kwenye wenzo hufanya mota ichaji betri na kushika gari. Mtego ni kwamba betri ikijaa, haina pa kuweka umeme. Haibridi huanza kuzungusha injini ili kuzuia gari, kwa kelele nyingi. Gari la umeme hupunguza au kuacha kabisa kushika, na ghafla unagundua kwamba gari lililokuwa linajizuia lenyewe sasa linateleza. Kama unalala juu ya mlima na kushuka asubuhi, usichaji hadi 100. Acha kwenye 80.

Dizeli ya lori: injini ya dizeli ya kawaida haina kifuniko cha kuzuia hewa kama ya petroli, kwa hiyo ukiachia mafuta haishiki sana. Ndiyo maana lori lina breki ya eksozi, inayoziba njia ya moshi ili injini ikabwe, na mengine yana ritada, kifaa kingine cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu. Breki ya eksozi inafanya kazi vizuri mizunguko ikiwa juu. Kuiwasha ukiwa kwenye gia kubwa ni kujidanganya. Lami ikiwa na maji na tela likiwa tupu, iwashe kwa tahadhari au uizime, kwa sababu inashika magurudumu ya kuendesha tu na tela linaweza kusukuma kichwa cha lori mpaka vikunjane.

Na hili limeua watu: usijaribu kushusha gia kwenye lori lililokwisha kuchukua kasi. Utatoa gia, mizunguko haitalingana, na ile ndogo itakataa kuingia. Ukirudi kwenye ile kubwa nayo inakataa. Umebaki na tani 30, frii, na breki zilizokwisha kupata moto. Gia ya kushukia huwekwa juu, lori likiwa linatambaa, na haitolewi mpaka chini.

Mengine mawili. Zima kile kifaa cha kushikilia mwendo. Na usizime injini hata kidogo: bila injini, nyongeza ya nguvu ya breki inabaki ya mikanyago miwili mitatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga.

Hatua ya 4: Kanyaga, achia

Hata gia ikiwa sahihi, utahitaji breki mara kwa mara. Usilaze mguu juu yake. Chagua mwendo wako wa juu, tuseme 45. Ukifika 45, kanyaga kwa nguvu ya kueleweka kwa kama sekunde tatu mpaka 35, kisha achia kabisa. Likipanda tena hadi 45, rudia. Katikati ya mikanyago diski zinapata upepo. Mguu uliolala kidogo kidogo kwa dakika kumi huzalisha joto lote hilo bila nafasi ya kupoa, na mafuta ya breki yanapikwa taratibu. Mbinu hii ndiyo inayofundishwa pia kwa breki za upepo.

Kama unajikuta unakanyaga kila baada ya sekunde tano, tatizo liko kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 5: Kona

Punguza mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka. Ingia, shika mwendo uleule, na uongeze ukishaona inakotokea. Breki ya ghafla katikati ya kona huhamishia uzito mbele, nyuma panakuwa pepesi, na mkia wa gari unateleza kwenda nje.

Msukumo wa kwenda nje haupandi sawa na mwendo. Kona yenye nusu-kipenyo cha mita 50, kwa kilomita 40, inadai tairi zishike kwa nguvu sawa na robo ya uzito wa gari. Kwa 60 inadai zaidi ya nusu. Umeongeza mwendo kwa nusu, mzigo umezidi maradufu. Lami kavu inavumilia. Lami yenye tope la mvua haivumilii.

Jambo moja la macho, ambalo halifundishwi vya kutosha. Tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Ukikaribia na pale mahali pakikimbia mbele yako, kona inafunguka. Pakisimama palepale, au pakionekana panakuja kwako, kona inakaza, na unatakiwa upunguze sasa hivi. Kona inayokaza katikati ndiyo inayokamata watu, kwa sababu mlango wake ni mpana na unakaribisha. Usiongozwe na safu ya miti au nguzo za umeme. Mara nyingine nguzo zinakata moja kwa moja kushuka bondeni huku barabara imegeuka.

Baki upande wako. Kukata kona kupitia upande wa pili kunakupunguzia mpindo, ndiyo, lakini unakutana na mwenzako aliyekuwa na wazo lilelile. Kwenye kona usiyoona mbele yake, piga honi fupi kabla ya kuingia. Usiku, washa na kuzima taa kubwa.

Hatua ya 6: Malori na kulipita gari la mbele

Tela refu kwenye kona ya kujikunja haliwezi kubaki upande wake. Magurudumu ya nyuma hukata ndani, hivyo dereva lazima atoe kichwa nje kwanza, kwenye upande wako. Ukiona lori linakuja kwenye kona ya namna hiyo, simama kabla ya kona, si ndani yake. Usimpige taa kumharakisha. Na usijipenyeze upande wa ndani wa tela linalokunja. Nafasi unayoiona itafungwa na magurudumu ya nyuma.

Kupita: gari lako kwenye 80 na linalokuja kwenye 80 mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kupita lori refu kukichukua sekunde 10, unahitaji karibu mita 450 tupu mbele ya macho yako. Barabara ya kona mara chache inakupa mita 450. Baki nyuma, mbali kiasi cha kuona vioo vya dereva, nawe usipumue moshi wake. Ukiona moshi mweupe kwenye magurudumu yake au kusikia harufu kali ya kuungua, rudi nyuma kabisa au simama mahali salama umwache aende. Kama wewe ndiye uliye mbele yake, una kazi ngumu zaidi: tafuta pa kutoka barabarani.

Angalia pia mawe. Mengine yamedondoka kutoka juu, hasa baada ya mvua, na mengine yaliwekwa kuzuia tairi za gari lililoharibika, likaondoka yakabaki, nyuma ya kona kabisa.

Hatua ya 7: Ukungu na mvua

Ukungu: taa za mbele za mwanga wa chini (dimu), si kubwa. Taa kubwa hurudi machoni pako kama ukuta mweupe. Mwendo uwe ule unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwa 40, lami yenye maji na mteremko wa asilimia 8, hesabu karibu mita 37, pamoja na sekunde moja na nusu ya kushtuka. Ukiona mita 30 tu mbele, 40 ni nyingi. Usisimame barabarani, toka kabisa au endelea polepole.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya pili: vumbi, mpira wa tairi na matone ya oili yanageuka utelezi kabla hayajasombwa.

Hatua ya 8: Breki zikianza kukataa

Kuna namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza: pedali ni ngumu, imesimama palepale ilipozoea, lakini gari halishiki hata ukibonyeza kwa nguvu zote, na kuna harufu. Hizo ni pedi zilizozidiwa na moto. Ya pili: pedali inakuwa laini, inazama chini zaidi kila ukikanyaga, kama unakanyaga sponji. Hayo ni mafuta yaliyochemka. Kuna mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabanwa badala ya kusukuma pistoni. Ya kwanza huja polepole na inatoa nafasi. Ya pili inaweza kuzama mpaka sakafuni mara moja.

Pedali ikizama: ipampu haraka haraka, mara tatu nne, huenda ikapanda. Hii ni kwa breki za mafuta; kwenye breki za upepo, kupampu kunamaliza upepo tu. Wakati huohuo shusha gia, moja moja. Vuta handibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuilegeza tairi zikianza kuburuta. Handibreki ya swichi: vuta na uendelee kuishikilia, magari mengi hutafsiri hivyo kama dharura. Washa hazadi, honi bila kukoma.

Kama kuna njia ya dharura iliyojazwa kokoto pembeni, ingia bila kusita. Kokoto zimewekwa zikumeze. Kama hakuna, chagua upande wa mlima. Sugua ubavu wa gari kwenye kingo, au tumbukiza magurudumu ya upande huo kwenye mtaro. Fanya mapema, mwendo ukiwa bado 40, usisubiri ufike 90 ndipo ukubali kukwaruza rangi.

Hatua ya 9: Ukisimama njiani au ukifika chini

Breki zikinuka lakini bado zinafanya kazi, usikimbilie kusimama na kuzima. Kipande tambarare cha kilomita mbili tatu kwa mwendo wa wastani kinapoza vizuri zaidi. Gari likisimama, joto la diski husafiri kwenda kwenye mafuta, na pedali inaweza kulainika dakika chache baada ya kusimama, si wakati unashuka. Ukilazimika kusimama mteremkoni: gia ya rivasi au P, magurudumu ya mbele yaelekee upande wa mlima, jiwe mbele ya tairi, upande wa kushukia. Usitegemee handibreki pekee, kwa sababu diski ya moto ikipoa husinyaa na handibreki inalegea. Usimwagie maji, diski itapinda au kupasuka.

Zikishapoa, kanyaga breki injini ikiwa inawaka. Pedali ikiwa chini kuliko ulivyoondoka nayo, mafuta yabadilishwe kabla ya safari ya kurudi. Kabla hujasahau, zunguka gari na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto waziwazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, pistoni yake imenata, na breki hiyo imekuwa ikisugua tangu kule juu.